Mzee wa Kaptula Aliyelala Nyeri

Mpenzi msomaji, hebu siku moja ya soko ukae pale steji ya Othaya utazame jinsi watu wanavyovaa. Kondakta amevaa traksuti ya bluu yenye mistari mitatu. Muuza viazi amevalia jezi ya Arsenal iliyokuja na mitumba. Kina mama waliotoka kuuza majani chai wana raba miguuni. Hata mzee wa kanisa utamkuta na fulana ya mbio za marathoni, mbio ambazo hakukimbia hata hatua moja. Uwanja wa mpira uko mbali na hakuna anayefanya mazoezi. Nguo za michezo zimekuwa nguo za kila siku.

Muhula wa kwanza chama chetu cha Kiswahili kilifanya mdahalo juu ya jambo hili. Hoja ilikuwa kwamba nguo za michezo zivaliwe uwanjani tu, si mjini wala kanisani. Waliounga mkono walinguruma kama simba. Walidai kwamba mtu anayekwenda mjini na traksuti hana heshima, eti ni kama ametoka kitandani sasa hivi. Ukumbi mzima ulicheka. Mimi nilinyamaza kama maji ya mtungi.

Wacha niwaambie kwa nini. Nyumbani nina nguo moja tu nzuri ya kutokea, nayo ni traksuti. Nikiivaa, hakuna ajuaye kama baba yangu ana gari au ana jembe. Nikivaa ile suruali yangu nyingine, kiraka cha nyuma kinasema yote. Kwa hivyo wenzangu walipokuwa wakicheka, walikuwa wakinicheka mimi bila kujua.

Baada ya mdahalo, mwalimu mlezi wa chama alinipa kazi ya kuandika katika gazeti hili maisha ya mtu mashuhuri wa zamani aliyezikwa katika kaunti yetu. Nilimchagua Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti duniani. Nilimchagua kwa sababu mimi ni skauti, na pia kwa sababu picha zake nyingi za uzeeni zinamwonyesha akiwa amevaa kaptula.

Nilipomweleza Guka habari hizo alikunja uso. Guka wangu alizaliwa mwaka wa 1941, mwaka ule ule aliokufa Mzungu huyo. Mwaka wa 1961, akiwa kijana wa miaka ishirini, alipata kazi jikoni katika shamba la setla upande wa Nanyuki. Wakati huo alikuwa ametahiriwa zamani, ni mwanamume kamili. Lakini siku ya kwanza alipewa kaptula ya kaki na kuambiwa jina lake ni boi. Kwetu Wagikuyu, kumvisha mwanamume kaptula ni kumrudisha kwenye ukihii, ni kumwambia kwamba bado ni mtoto. Guka aliivaa miaka miwili kwa sababu ya mshahara. Siku aliyoacha kazi aliiacha ikining'inia kwenye mlango wa jiko. Tangu hapo hajaonyesha goti lake hadharani. Basi akanituma nikaulize huko kaburini, huyo mzee aliyependa kaptula alikuwa akitaka nini?

Niliondoka na swali hilo. Haya ndiyo niliyoyapata.

Robert Baden-Powell alizaliwa London tarehe 22 Februari 1857. Baba yake, kasisi na profesa wa jiometri katika Chuo Kikuu cha Oxford, alifariki mwaka wa 1860 na kumwachia mama, Henrietta, kundi la watoto wa kulea. Robert alisoma shule ya Charterhouse. Masomoni hakuwa moto wa kuotea mbali. Alipenda kuigiza, alipenda kuchora, na katika timu ya mpira alikuwa golikipa. Karibu na shule palikuwa na msitu mdogo. Huko alijificha, akanasa sungura na kuwapika kwa moto usio na moshi ili walimu wasimwone. Mambo hayo msiyaige, lakini ndiyo yaliyomfunza kutembea kimya na kusoma nyayo.

Mwaka wa 1876 alijiunga na jeshi la Uingereza akapelekwa India. Kisha akaja Afrika, na hapa sharti tuseme ukweli wote. Alishiriki katika safari ya kijeshi ya 1895 na 1896 dhidi ya Waashanti, ambamo mfalme Prempeh alikamatwa na baadaye kupelekwa uhamishoni. Mwaka huo wa 1896 alipigana na Wandebele katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Huko aliamuru chifu mmoja aliyeitwa Uwini apigwe risasi. Jeshi lilifanya uchunguzi kisha likamwondolea lawama. Wandebele hawakuulizwa.

Lakini ni huko huko Zimbabwe alikojifunza upelelezi wa porini kutoka kwa Mmarekani aitwaye Frederick Burnham. Ndiko alikoanza kuvaa kofia pana ya Kimarekani. Kumbe kofia ile ya skauti ilitoka vitani! Kila ninapoitazama sasa nakumbuka jambo hilo.

Jina lake lilivuma wakati wa vita vya Waingereza na Makaburu. Mji wa Mafeking, Afrika Kusini, ulizingirwa kwa siku 217, kuanzia Oktoba 1899 hadi Mei 1900, naye ndiye aliyeongoza ulinzi wake. Alipotoka aliitwa shujaa kote Uingereza. Hata hivyo, Waafrika waliokuwa ndani ya mji ule walipewa chakula kidogo kuliko Wazungu, na wengi walikufa kwa njaa. Katika mji huo huo wavulana walipangwa kuwa kikosi cha kupeleka ujumbe na kusaidia askari. Baden-Powell aliwatazama akaona kwamba kijana akipewa kazi ya kweli na akaaminiwa, huifanya.

Wazo hilo halikumtoka kichwani. Mwaka wa 1907, mwezi wa Agosti, aliwachukua wavulana wapatao ishirini hadi kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza. Kambi hiyo ilikuwa ya ajabu kwa wakati ule. Wengine walikuwa wana wa matajiri waliosoma katika shule kubwa. Wengine walikuwa wana wa wafanyakazi kutoka miji ya Poole na Bournemouth. Aliwachanganya katika vikosi vinne vilivyopewa majina ya wanyama na ndege. Wakala pamoja na kulala pamoja katika mahema.

Mwaka uliofuata, 1908, alitoa kitabu chake juu ya uskauti katika vipande sita, kila kipande kikiuzwa kwa peni nne. Vijana walikigombania kama mpira wa kona. Na sasa, msomaji, tumefika kwenye mavazi.

Katika Uingereza ya siku zile nguo zilisema kila kitu. Mwana wa tajiri alivaa kola ngumu na kofia ndefu, mwana wa maskini alivaa matambara. Kabla kijana hajafungua mdomo ulishajua baba yake ni nani. Baden-Powell aliziacha nguo hizo zote. Alichukua shati la flaneli, ambalo lilikuwa vazi la kriketi na tenisi. Alichukua kaptula kama ya mchezaji mpira, soksi ndefu, skafu na kofia pana. Alieleza kwamba magoti yaliyo wazi humpa mtu nafasi ya kukimbia na kupanda milima. Zaidi ya hayo, alisema sare hiyo inaficha tofauti ya tajiri na maskini, na kuwafanya vijana wa nchi mbalimbali waonekane ndugu. Wapo waliocheka magoti yake, mtu mzima tena jenerali, lakini yeye aliendelea kuivaa hadi uzeeni.

Niliposoma hayo nilisimama kidogo. Mzee huyu alikuwa ameyajua mambo ya suruali yangu yenye kiraka!

Uskauti ulienea kama moto wa nyikani. Kenya uliingia mwaka wa 1910. Mwaka huo huo, pamoja na dada yake Agnes, alianzisha chama cha wasichana. Mwaka wa 1912 alimwoa Olave Soames, aliyekuwa mdogo wake kwa miaka 32 lakini walizaliwa tarehe moja, 22 Februari. Mwaka wa 1920 vijana wa mataifa mengi walikutana London wakamtangaza kuwa Skauti Mkuu wa Dunia.

Lakini je, ile sare iliwafanya wote kuwa ndugu? Si kila mahali. Afrika Kusini vijana weusi walikataliwa katika chama cha skauti. Walitengewa chama chao kilichoitwa Pathfinders. Mwaka wa 1936 Baden-Powell mwenyewe alifika huko, na vijana hao wakakubaliwa hatimaye, lakini kama tawi la kando. Hapa naona alishindwa na maneno yake mwenyewe. Ukisema nguo moja inaondoa ubaguzi, kisha ukakubali mwenzio awekwe kando, nguo imekuwa nguo tu.

Mwaka wa 1938, akiwa mzee na afya imedhoofika, alihamia Nyeri. Rafiki yake Eric Sherbrooke Walker, ambaye zamani alifanya kazi naye katika uskauti, alikuwa na hoteli ya Outspan. Katika uwanja wa hoteli hiyo Baden-Powell alijengewa nyumba ndogo. Nyumba yao ya Uingereza iliitwa Pax Hill, yaani kilima cha amani, kwa hivyo hii mpya akaiita Paxtu. Hapo aliishi na mkewe akichora wanyama, akiandika, na kuutazama Mlima Kenya asubuhi kabla mawingu hayajaufunika. Alifariki tarehe 8 Januari 1941, akiwa na umri wa miaka 83. Alizikwa katika makaburi ya kanisa la St Peter's mjini Nyeri. Mkewe alifia Uingereza mwaka wa 1977, na majivu yake yakaletwa kuwekwa pamoja naye.

Kila mwaka, karibu na tarehe 22 Februari, skauti humiminika Nyeri kumkumbuka. Mwaka huu nilikwenda na wenzangu. Juu ya jiwe la kaburi kuna alama ya duara lenye nukta katikati. Kwa skauti ni alama ya njiani inayosema kwamba aliyepita hapa amekwenda nyumbani. Nilitazama watu waliokuwepo. Palikuwa na wazee wenye mvi waliovaa kaptula na soksi ndefu, vitambi mbele, wakicheka na vijana wadogo. Sikuweza kujua yupi ni meneja na yupi ni mchuma majani chai. Nilifurahi. Halafu nikamkumbuka Guka na ile kaptula iliyoning'inia mlangoni, furaha ikapungua.

Jioni nilirudi nyumbani nikamsimulia yote, mazuri na mabaya. Guka alisikiliza akitafuna mwiko wake wa maneno, yaani kimya. Mwishowe alisema kwamba sasa ameelewa. Mzungu yule alichagua kaptula yake mwenyewe, naye Guka alivishwa. Goti ni lile lile na kitambaa ni kile kile cha kaki, lakini aliyechagua ni mchezaji na aliyelazimishwa ni mtumwa. Hakuna nguo yenye heshima wala isiyo na heshima, alisema, ila uulize kwanza ni nani aliyeamua ivaliwe.

Msomaji mpenzi, hilo ndilo jibu ambalo ningelitoa siku ile ya mdahalo laiti ningekuwa na ujasiri. Wanaosema traksuti haina heshima wanasahau kwamba wengi wetu hatuivai kwa uvivu. Tunaivaa kwa sababu inatufunika sote sawasawa. Sisemi tuingie nayo darasani, kwa kuwa sare ya shule nayo ina kazi hiyo hiyo. Nasema tu kwamba ukimwona mwenzako mjini na traksuti siku ya Jumapili, usimcheke. Huenda ndiyo suti yake.

Na jambo la mwisho, msimwambie Guka kwamba nimeandika. Julai iliyopita, baridi ya Othaya ilipokaza na ukungu ukashuka hadi mlangoni, aliniomba ile traksuti yangu ya zamani. Huivaa ndani ya suruali yake ya kitambaa anapokwenda kuchuma majani chai. Goti lake bado hulioni, lakini mistari miwili inachungulia pale juu ya gambuti. Nilipomuuliza nani amemvisha, alicheka akasema amejivisha mwenyewe.