Pilates lilikuwa jina la mtu

Mu miji mikubwa watu wanalipa feza ili waingie mu chumba cha pilates, walale kwenye mkeka na kufanya mazoezi polepole. Wengi hawajui kama jina hilo ni la mtu.

Joseph Pilates alizaliwa Mönchengladbach, Ujerumani, tarehe 9 desemba 1883. Utoto wake ulikuwa wa ugonjwa: pumu, na mifupa laini. Ndiyo maana akajitia mapema mu jimnastiki na ndondi.

Vita ya 1914 ilimkuta Uingereza. Waingereza wakamfunga kwa sababu ni Mjerumani. Ni vita ile ile iliyofikisha askari na wapagazi wa Kongo mpaka Tabora mu 1916. Yeye alikuwa kambini Knockaloe, kwenye kisiwa cha Man, akifundisha wafungwa wenzake mazoezi. Inasimuliwa kwamba alifunga springi kwenye vitanda ili wagonjwa wanyooshe viungo wakiwa wamelala. Iwe kweli ao hapana, mashine zake za baadaye zinafanana kabisa na kitanda.

Mu 1926 alienda Marekani. Pale New York, kwenye Eighth Avenue, yeye na Clara mwenzake wakafungua chumba chao. Wakubwa wa dansi, George Balanchine na Martha Graham, wakamtumia wachezaji wao walioumia.

Mwenye kuanza anafundishwa kwanza kuhema. Zoezi moja la mwanzo: unalala chali, unainua kichwa na miguu, unapiga mikono juu na chini mara 100, ukivuta pumzi kwa hesabu ya 5 na kuitoa kwa 5. Kwa macho ni mchezo wa watoto. Lakini hata mwenye kusukuma kinga ya mizigo kila siku, tumbo lake litatetemeka.

Yeye mwenyewe aliyaita Contrology, ni kusema elimu ya kutawala mwili. Kitabu chake cha 1945 kina mazoezi 34 ya mkekani, bila mashine hata moja. Alitaka sana waganga wayapokee mu hospitali. Akafa tarehe 9 oktoba 1967, na miaka 83, bila kuona hiyo.

Mu 2000 tribinali moja ya New York ikaamua kwamba hakuna mwenye kumiliki jina pilates peke yake. Basi yeyote anaweza kuliandika juu ya mlango wake, anayejua na asiyejua. Mwenye kuanza ana haki ya kumuuliza mwalimu alijifunzia wapi, na kumwambia mapema kama mgongo unamuuma ao kama ana mimba.