Albert Einstein: mshipa uliovimba ambao haukuonekana mpaka tumbo lipasuliwe

Watu wengi wanamujua Albert Einstein juu ya akili yake. Kilichomuua, wachache ndio wanakijua.

Alizaliwa Ulm, Ujerumani, tarehe 14 Machi 1879. Alipata zawadi ya Nobel ya mwaka 1921. Hitler alipotwaa utawala mwaka 1933, akahamia Princeton, Marekani. Alipenda sana kiko chake, na tumbaku ni adui mkubwa wa mishipa. Tumbo lilimusumbua miaka mingi: maumivu yanakuja, yanaenda.

Mwezi Desemba 1948 munganga Rudolf Nissen, naye Myahudi aliyekimbia Ujerumani, alimupasua kule Brooklyn, New York. Kumbe shida ilikuwa aorta, ule mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo na kushuka tumboni. Kawaida pale tumboni una upana wa sentimita 2 hivi. Wake ulikuwa umevimba kama pamplemusi.

Juu ya nini kupasua kwanza, ndipo kuona? Ile wakati radiografi ilionyesha mifupa vizuri, lakini mshipa hapana, isipokuwa kama ukuta wake umeshika chokaa. Njia ingine, aliyoanzisha Reynaldo dos Santos huko Lisbon mwaka 1929, ilidai kuchoma sindano ndefu mgongoni mpaka ndani ya aorta yenyewe.

Nissen aliufunga uvimbe kwa selofani, ile karatasi angavu ya kufungia bonboni, ili mwili ujenge kovu gumu juu yake. Dawa ya ajabu, lakini Einstein aliishi miaka sita na zaidi.

Aprili 1955 mshipa ukaanza kuvuja. Huko Paris, Charles Dubost alikuwa amekwisha kubadilisha aorta ya namna hiyo mwaka 1951, basi munganga Frank Glenn akatoka New York kupendekeza operesheni. Einstein alikataa, hakutaka maisha yarefushwe kwa nguvu. Alifia hospitali ya Princeton usiku wa tarehe 18, na miaka 76.

Miaka mitatu kisha, Ian Donald wa Glasgow akatangaza picha za tumbo zilizochukuliwa kwa mawimbi ya sauti isiyosikika. Ndiyo ekografi, ile ile ambayo mama wajawazito wameizoea. Inapima aorta kwa dakika chache, bila sindano: ikifika sentimita 3 inafuatiliwa, kwa mwanaume, ikifika 5.5, waganga wanaanza kuzungumza upasuaji. Halafu skaneri, iliyopiga mgonjwa wa kwanza huko London mwaka 1971, inaonyesha uvimbe unaanzia wapi, unaishia wapi, na kama umekaribia mishipa ya figo, mbele kisu hakijagusa ngozi.