Groucho Marx: Ulimi Mkali na Siku Uliponyamaza

Wapo watu ambao riziki yao hutoka kinywani, na miongoni mwao mchekeshaji ndiye mwenye kazi ya hatari zaidi. Mwanasiasa akikosea husubiri uchaguzi ujao ndipo ahukumiwe. Mchekeshaji akikosea huhukumiwa papo hapo, kwa kuwa ukumbi hunyamaza. Tunayemweleza leo ni mmoja wa wachekeshaji wakubwa waliopata kutokea nchini Marekani katika karne ya 20, Groucho Marx, aliyepanda jukwaani akiwa bado kijana mdogo na akaja kupata umaarufu wa pili, pengine mkubwa kuliko wa kwanza, akiwa mwendeshaji wa mchezo wa chemsha bongo katika redio na televisheni. Tunamweleza kwa sababu ya vichekesho vyake, na pia kwa sababu ya neno moja ambalo alipaswa kulisema alipokuwa kileleni mwa sifa zake, asiliseme.

Jina la Marx lisimpoteze msomaji. Hapakuwa na udugu wowote kati yake na yule mwanafalsafa wa Kijerumani, ingawa, kama tutakavyoona, walikuwapo mabwana wakubwa Marekani walioelekea kudhani upo.

Julius Henry Marx, maana ndilo jina alilopewa na wazazi wake, alizaliwa mjini New York tarehe 2 Oktoba 1890, katika familia ya Kiyahudi ya wahamiaji. Baba yake, Sam, alitoka Alsace na kazi yake ilikuwa ushonaji. Inasimuliwa kuwa aliona haya kutumia tepu ya kupimia, akakadiria kwa jicho, na wateja wake wakajulikana mtaani kwa miguu ya suruali isiyolingana. Mama yake, Minnie, alizaliwa Ujerumani, na ndiye aliyekuwa nguzo ya nyumba. Ndugu yake Minnie, Al Shean, alikuwa mchekeshaji wa jukwaani aliyelipwa vizuri, na mama huyo alipotazama watoto wake watano wa kiume katika nyumba finyu ya kupanga huko Manhattan aliona kwamba njia ya kutokea katika umaskini ni ileile. Leonard ndiye aliyekuja kuitwa Chico, Adolph akaitwa Harpo, Julius akawa Groucho, Milton akawa Gummo, na kitinda mimba Herbert akawa Zeppo.

Julius alitamani kuwa daktari. Lakini shule hakuimaliza, kwani nyumba ilihitaji senti, na mwaka 1905 akajiunga na kikundi kidogo cha waimbaji kilichozunguka miji. Mkuu wa kikundi alimtoroka huko Colorado, akamwacha bila nauli, na kijana huyo ikambidi aendeshe gari la farasi la duka la vyakula mpaka apate fedha za kurudi kwa mama. Hilo la kukosa shule halikumtoka moyoni maisha yake yote. Alisoma vitabu kama mtu anayelipa deni, akaandikiana barua na watu wa kalamu, akiwemo mshairi T. S. Eliot, na miaka ya 1960 Maktaba ya Bunge la Marekani ilipomwomba barua zake izihifadhi, alifurahi kuliko alivyofurahia tuzo yoyote ya sinema.

Wakati ule Marekani ilikuwa na maonyesho yaliyoitwa vodevili: usiku mmoja ukumbini utaona mwimbaji, mwanasarakasi, mbwa waliofundishwa, mcheza ngoma na mchekeshaji, kila mmoja na dakika zake. Ndugu wa Marx walikuwa waimbaji wa kadiri tu. Inasimuliwa kwamba siku moja katika mji wa Nacogdoches, Texas, walipokuwa wakiimba, baghala mmoja, yule mnyama azaliwaye kwa punda na farasi, alikata kamba nje, na hadhira yote ikatoka kwenda kumtazama. Waliporudi, vijana kwa hasira wakaanza kuwatukana na kuwakejeli mbele ya uso wao. Badala ya kukasirika watu wakacheka. Tangu hapo nyimbo zikapungua na dhihaka ikachukua nafasi yake.

Lakini haikuwa dhihaka ya mnyonge kwa mnyonge. Groucho alijipaka masharubu mazito kwa rangi nyeusi ya mafuta, akashika biri mdomoni, akatembea ameinama kama mtu anayewakimbia wadai wake, na kila mara alicheza mtu mwenye cheo: profesa, daktari, rais wa nchi, mwenye hoteli. Cheo chake kilikuwa cha uwongo, na ulimi wake ukawavua nguo wale wenye vyeo vya kweli. Katika mchezo wa Animal Crackers, ulioonyeshwa Broadway mwaka 1928 na kufanywa sinema mwaka 1930, alikuwa Kapteni Spaulding, mpelelezi mashuhuri aliyerejea kutoka Afrika na kupokewa kwa shangwe na matajiri wa New York, ilhali ni dhahiri kwamba habari zake za uwindaji ni upuuzi mtupu na kwamba hana ushujaa hata wa kumtazama mdudu. Sisi tuliosomeshwa majina ya wapelelezi kabla ya majina ya babu zetu tunaweza kuuonja utamu wa mzaha huo kwa namna ambayo pengine hata waandishi wake hawakuikusudia. Na mwaka 1933, mwaka uleule Hitler aliposhika madaraka, ikatoka Duck Soup, sinema ya kiongozi wa nchi ya kubuni anayeitumbukiza nchi yake vitani kwa sababu ya tusi moja la kipuuzi.

Turudi nyuma kidogo, kwa sababu mwaka 1929 ndio ufunguo wa mambo yaliyofuata. Mwezi Septemba mwaka huo Minnie alifariki dunia. Wiki chache baadaye soko la hisa la New York likaanguka, na akiba yote ya Groucho, matunda ya zaidi ya miaka 20 ya treni za usiku na vyumba vya bei rahisi, ikayeyuka kwa siku chache. Alikuwa amenunua hisa kwa kufuata ushauri wa watu aliodhani wanajua. Aliinuka tena, maana sinema ndiyo kwanza zilikuwa zimepata sauti na yeye alikuwa na sauti ya kuuza, lakini usingizi ulimpotea, na ukosefu wa usingizi ukawa maradhi yake ya kudumu. Mtu aliyeona mali yake yote ikiondoka hivyo haachi kuihesabu hata akiwa tajiri. Hatumlaumu kwa hilo. Tunalitaja ili likumbukwe.

Kufikia mwisho wa miaka ya 1940 mambo yalikuwa yamepoa. Ndugu walikuwa wamechoka, sinema zao za mwisho hazikufikia zile za mwanzo, na Groucho alikuwa amejaribu vipindi vya redio mara kadhaa bila mafanikio. Mwaka 1947 alialikwa katika kipindi kimoja cha redio pamoja na Bob Hope. Wawili hao waliyaacha maandishi waliyopewa wakaanza kutaniana watakavyo. Mtayarishaji mmoja, John Guedel, alikuwapo akaona kitu ambacho wengine hawakukiona: Groucho hakufaa kusomewa maneno na watu wengine, alifaa kuzungumza na watu wasio waigizaji. Akampendekezea mchezo wa maswali. Groucho alisita, kwani kwa mtu wa Broadway kuuliza watu maswali ya zawadi ilikuwa kama kushushwa daraja. Hata hivyo alikubali, na tarehe 27 Oktoba 1947 kikaanza kipindi cha You Bet Your Life, jina lenye mchezo wa maneno, maana ni msemo wa kukubali kwa mkazo na papo hapo ni mwaliko wa kuweka dau. Oktoba 1950 kikaingia televisheni ya NBC, kikadumu hadi 1961.

Mpango wake ulikuwa mwepesi. Wawili wawili waliingia, mwanamume na mwanamke wasiojuana: mama wa nyumbani na mwanajeshi, mwalimu na muuza duka. Groucho alikaa juu ya kiti kirefu na biri lake, sasa akiwa na masharubu ya kweli, akawahoji habari za maisha yao. Mtangazaji George Fenneman, kijana mpole na mwenye adabu, alikuwa ngao ya kupokea mishale. Palikuwa na neno la siri lililochaguliwa tangu mwanzo, neno la kawaida la kila siku, na mgeni akilitamka bila kujua, bata wa sanamu alishuka kutoka juu na kumletea dola 100. Kisha yakaja maswali, na wakaweka dau. Aliyeshindwa kabisa aliulizwa swali ambalo hata mtoto angelijibu, kama lile la kaburi la Grant amezikwa nani, ili asirudi nyumbani mikono mitupu.

Fedha hazikuwa kiini cha kipindi kile. Kiini kilikuwa mazungumzo. Ndiyo maana mwaka 1958 na 1959, ilipofichuka kwamba michezo mikubwa ya maswali ya televisheni ilikuwa ya udanganyifu na washindi walipewa majibu mapema, kipindi cha Groucho hakikuguswa na fedheha ile. Haki ituelekeze kusema pia kwamba si kila neno lake lilizuka papo hapo. Wageni walihojiwa kabla, waandishi wakatunga mizaha, ikaonyeshwa kwa mashine mahali ambapo yeye aliona na watazamaji hawakuona. Aidha, kipindi kilipigwa picha kwa takriban saa nzima kisha kikakatwa kikawa nusu saa, na matusi yaliyopita kiasi yakabaki chini mezani kwa mkataji.

Lakini kwa televisheni nani alilipa? Katika mfumo ule kipindi hulipiwa na mwenye bidhaa. Kipindi cha Groucho kililipiwa na wauzaji wa magari ya DeSoto na Plymouth, na yule mzee aliyewacheka marais alimaliza kila kipindi kwa kuwaambia watu waende kuyanunua. Alifanya hivyo kwa ucheshi, lakini alifanya.

Kiongozi wa bendi ya kipindi alikuwa Jerry Fielding, mwanamuziki kijana aliyezaliwa Pittsburgh mwaka 1922. Katika siku ambazo studio za Los Angeles ziliwafungia milango wapigaji weusi, yeye alimweka katika bendi yake Buddy Collette, mpiga saksafoni na filimbi, mtu mweusi, akaonekana mbele ya taifa kila wiki. Wote wawili walikuwa miongoni mwa waliopigania vyama viwili vya wanamuziki wa mji ule, cha weupe na cha weusi, viwe kimoja, na mwaka 1953 vikawa kimoja. Mwaka huohuo, mwezi Desemba, Fielding akaitwa mbele ya kamati ya Bunge iliyowasaka Wakomunisti. Ulikuwa wakati wa hofu: mwaka uliotangulia Charlie Chaplin alinyang'anywa ruhusa ya kurejea Marekani akiwa safarini. Fielding alitumia haki aliyopewa na Katiba ya kutojishuhudia, akakataa kutaja majina ya watu. Mwenyewe aliamini hadi mwisho kwamba jina walilolitaka hasa ni la Groucho. Na wapelelezi wa FBI, kama mafaili yaliyofunguliwa miaka mingi baadaye yalivyoonyesha, kweli walimwekea Groucho faili.

Wadhamini wakataka Fielding aondoke. Groucho hakuwa mtu asiye na nguvu. Kipindi kilikuwa yeye, bila yeye hapakuwa na kipindi. Alikuwa na tuzo ya Emmy aliyoipata mwaka 1951, na alikuwa miongoni mwa waliojiunga mapema na chama cha waigizaji miaka ya 1930, wakati kujiunga kulikuwa na gharama. Lau angegoma wiki mbili, pengine magari yasingeuzwa, na mwenye magari angefikiri upya. Hakugoma. Fielding aliondoka, milango ya studio ikafungwa, akaenda kutafuta riziki Las Vegas kwa miaka kadhaa, na bata akaendelea kushuka kila wiki.

Miaka iliyobaki haihitaji maneno mengi. Chico alifariki mwaka 1961 na Harpo mwaka 1964. Ndoa tatu za Groucho zilivunjika, na waliomjua walisema ulimi wake haukujua tofauti ya nyumbani na jukwaani. Mwaka 1972 vijana wa siku zile walimjaza ukumbi wa Carnegie Hall, na Ufaransa ikamvisha nishani. Mwaka 1973 ilionekana kwamba NBC ilikuwa ikiteketeza filamu za kipindi chake ili ipate nafasi ghalani. Masanduku yaliyosalia yakapelekwa nyumbani kwake, yakajaza vyumba, na baadaye kituo kimoja cha Los Angeles kikayaonyesha, watu wakakaa hadi usiku wa manane kuyatazama. Mwaka 1974 akapewa Oscar ya heshima. Alifariki tarehe 19 Agosti 1977 akiwa na miaka 86, siku tatu baada ya Elvis Presley, na magazeti yakampa nafasi ndogo.

Mwaka mmoja kabla ya kufa alitoa kitabu kuhusu kipindi chake. Humo, akiwa mzee asiye na mdhamini wa kumwogopa, aliandika kwamba kuwatii wadhamini na kumwacha Fielding aondoke ni jambo alilolijutia sana. Fielding wakati huo alikuwa amekwisha kurudi katika sinema kwa jasho lake mwenyewe. Otto Preminger alimpa kazi mwaka 1962, kisha ukafuata muziki wa The Wild Bunch wa mwaka 1969, na mara tatu jina lake likapendekezwa kwa Oscar, mara ya mwisho kwa sinema iliyotoka mwaka uleule wa kitabu cha Groucho. Alifariki mwaka 1980.