Michael Faraday, Mwana wa Mhunzi

Likizo iliyopita nilikaa kwa baba mdogo, Nyakabiga, ambaye ni fundi wa magari. Siku moja mzee mmoja, mwalimu mstaafu, alileta gari lake dogo la mwaka 1962, lenye mgongo kama wa kobe. Katika mwaka mmoja alikuwa amekwisha kununua betri mpya mbili, na zote zimekufa. Sasa alitaka kununua ya tatu, na fedha aliyoishika mkononi ilikuwa karo ya mjukuu wake. Baba mdogo alimsihi aiweke mfukoni kwanza.

Akaanza na yale yasiyo na gharama. Aliubonyeza mkanda kwa kidole gumba, akaona haukulegea. Akasafisha vichwa vya betri vilivyoota unga mweupe. Kisha akaleta kipima volti. Betri ya gari lile ni ya volti 6. Injini ikivuma vizuri, kipimo hupanda mpaka volti 7 hivi. Lakini sindano haikupanda hata kidogo, na taa zilipowashwa ikashuka. Taa nyekundu mbele ya dereva nayo haikuzimika. Basi betri haikuwa na kosa. Betri ni mtungi tu, nao ulikuwa ukitekwa bila kujazwa.

Ikabaki kujua kama mgonjwa ni dainamo au ni regulata, kile kisanduku kinachoongoza umeme wake. Baba mdogo alizitoa kwenye regulata nyaya mbili zitokazo katika dainamo, mmoja akaugusisha kwenye chuma cha gari, na wa pili akaupima huku injini ikizunguka kwa muda mfupi. Hakuna kitu. Regulata ikaachiwa huru, dainamo ikashikwa.

Hapo nikamwuliza jinsi chuma kinachozunguka tu, bila moto ndani yake, kinavyoweza kuzaa umeme. Alinijibu kwamba yeye ajua maradhi ya dainamo, bali kuzaliwa kwake nikakusome shuleni. Nimekusoma, na habari yenyewe ndiyo hii.

Michael Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba, 1791, karibu na London, Uingereza. Baba yake alikuwa mhunzi maskini na mgonjwa. Mtoto alijifunza kusoma, kuandika na hesabu kidogo, basi. Alipopata miaka 14 akawa mwanagenzi wa Bwana Riebau, aliyeuza vitabu na kuvitia majalada, akakaa kwake miaka saba. Wenzake walivishona vitabu. Yeye alivishona na kuvisoma. Katika kitabu kimoja kikubwa alikuta habari za umeme, akaanza kufanya majaribio kwa vyombo alivyojitengenezea.

Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka alimpa tikiti za kwenda kumsikiliza Sir Humphry Davy, mtaalamu mashuhuri, akifundisha katika Royal Institution. Faraday aliandika yote aliyosikia, akachora na picha, akayatia jalada kwa mikono yake, akampelekea Davy pamoja na ombi la kazi. Mwezi Machi 1813 akaajiriwa kuwa msaidizi.

Msifikiri kwamba tangu siku ile aliheshimiwa. Mwaka ule ule Davy alisafiri naye Ulaya, na kwa kuwa mtumishi wa Davy alikataa kwenda, Faraday alitwikwa kazi zake pia. Bibi Davy alimtenda kama boi. Hata mwaka 1824, Faraday alipoingizwa katika Royal Society, chama kikubwa cha wataalamu wa Uingereza, aliyempinga ni Davy mwenyewe, naye ndiye aliyekuwa rais wa chama. Naona jambo hili lilimwuma kuliko matusi ya yule bibi.

Mwaka 1820 Bwana Oersted wa Denmark alikuwa ameonyesha kwamba umeme upitao katika waya huisukuma sindano ya dira. Faraday akajiuliza: ikiwa umeme huzaa sumaku, mbona sumaku isizae umeme? Swali hilo alikaa nalo miaka. Tarehe 29 Agosti, 1831, alizungusha nyaya mbili mbalimbali juu ya pete ya chuma. Alipopitisha umeme katika waya wa kwanza, sindano iliyofungwa kwenye waya wa pili ikaruka, kisha ikarudi ikatulia. Alipoukata umeme, ikaruka tena. Kumbe siri ilikuwa katika kubadilika! Sumaku iliyotulia haitoi kitu. Tarehe 28 Oktoba mwaka ule, alizungusha sahani ya shaba katikati ya ncha za sumaku kubwa, na umeme ukatoka mfululizo muda wote sahani ilipozunguka. Hiyo ndiyo dainamo ya kwanza.

Hesabu za juu hakuzijua kamwe. Maxwell ndiye aliyekuja kuyageuza mawazo yake kuwa hesabu. Mimi ambaye hesabu hunitoa jasho nililisoma jambo hilo mara mbili. Alikataa kuitwa Sir, akakataa na urais wa Royal Society. Alifariki tarehe 25 Agosti, 1867. Mwezi Februari mwaka ule ule, wataalamu wenzake walikuwa wameeleza dainamo isiyohitaji sumaku ya kudumu: chuma chake hubakiza sumaku kidogo, na umeme mdogo unaotoka humo huiongeza nguvu.

Dainamo ya yule mzee ni ya namna hiyo. Tulipoifungua, tuliona yale makaa madogo yanayosugua shaba izungukayo yamelika, moja likawa fupi hata springi haikuweza kulikandamiza. Nilitumwa Buyenzi kutafuta mengine. Baba mdogo akaisugua shaba kwa msasa laini, akafunga kila kitu, akapitisha umeme wa betri kidogo ndani ya dainamo ili kukiamsha chuma. Injini ilipowaka, taa nyekundu ikazimika, sindano ikasimama penye 7.

Mzee alilipa makaa na ujira, akazihesabu noti zilizobaki mara mbili. Jumatatu iliyofuata mjukuu wake alilipiwa karo.