Georg Ohm, Mwalimu Aliyepima Umeme

Georg Simon Ohm alizaliwa mwaka 1789 katika mji wa Erlangen, ambao leo uko Bavaria, Ujerumani. Baba yake alikuwa fundi wa makufuli. Fundi huyo alikuwa amejifunza hesabu kwa juhudi yake mwenyewe, akawafundisha wanawe nyumbani. Georg alipoingia chuo kikuu mwaka 1805 alipenda mno dansi na kuteleza juu ya barafu, hata baba yake akakasirika akamwondoa. Kijana akaenda Uswisi kufundisha hesabu, kisha akarudi kumaliza masomo yake mwaka 1811.

Mwaka 1817 alipata kazi ya ualimu mjini Cologne, na huko ndiko alikoanza kupima umeme. Volta, mtu wa Italia, alikuwa amekwisha kutengeneza betri mwaka 1800, lakini betri za siku zile zilikuwa na nguvu isiyotulia. Mara ilipanda, mara ilishuka. Basi Ohm akaziacha. Akaunganisha shaba na madini ya bismuthi, kiungo kimoja akakitia katika joto la maji yachemkayo, cha pili katika barafu. Umeme uliotoka hapo ulikuwa mdogo, lakini ulitulia. Akaupitisha katika waya fupi na ndefu, akitazama jinsi sindano ya sumaku ilivyogeuka.

Akaona ya kuwa mambo ni matatu. Lipo pipa la maji lililowekwa juu: kadiri lilivyo juu, ndivyo maji yasukumwavyo kwa nguvu. Hiyo ni mfano wa volti. Yapo maji yapitayo bombani. Wingi wake ni mfano wa ampea. Na wembamba wa bomba huyazuia. Ukigawanya nguvu ya kusukuma kwa kizuizi, wapata wingi wa mkondo.

Kanuni hiyo yaonekana katika motokaa. Betri yake ina vyumba sita, kila kimoja chatoa volti 2 hivi, jumla 12. Kama vichwa vya betri vimeota chumvi nyeupe, huenda uchafu huo ukawa kizuizi cha sehemu moja ya kumi tu. Taa itakayo ampea 4 hupoteza volti 0.4, nayo huwaka. Lakini stata ikitaka ampea 100, volti 10 zingepotea pale pale! Ndiyo sababu taa huwaka na injini isigeuke. Na dainamo ijazapo betri hutoa volti 14 hivi, kwa maana umeme hauingii betrini ila usukumwe na nguvu iliyo kubwa kuliko ya betri yenyewe.

Ohm aliandika kanuni yake katika kitabu mwaka 1827, akitumaini kupewa kazi katika chuo kikuu. Wakubwa wa elimu hawakukithamini. Akaacha kazi yake ya Cologne, akaishi Berlin kwa vipindi vichache vya kufundisha, mpaka mwaka 1833 alipopata kazi Nuremberg. Mwaka 1841 wataalamu wa Royal Society ya London wakampa nishani. Uprofesa wa fizikia katika chuo kikuu cha Munich aliupata mwaka 1852, akafa mwaka 1854.

Mwaka 1881 wataalamu wa nchi nyingi walikutana Paris, wakakubali kipimo cha kizuizi cha umeme kiitwacho kwa jina lake, omu.