Paget na Udongo wa Saratani

Wengi wa wanafunzi wangu hudhani kuwa sitiari ni pambo la washairi tu. La hasha! Ninapotaka kuwatoa katika dhana hiyo, huwasimulia maisha ya daktari mpasuaji Mwingereza, Stephen Paget.

Paget alizaliwa London mwaka wa 1855. Babake, Sir James Paget, alikuwa mpasuaji mwenye sifa kubwa, naye mwana akasomea Oxford kisha akaifuata taaluma hiyo hiyo.

Zama hizo walikuwapo walioshikilia kuwa saratani husambaa popote inapopelekwa na damu. Mnamo 1889, katika jarida la The Lancet, Paget alichapisha uchunguzi wake wa rekodi za visa 735 vya wagonjwa waliofariki kwa saratani ya matiti. Ini lilikuwa limeathirika katika visa 241, ilhali wengu uliathirika katika visa 17 tu. Iwapo damu ndiyo iliyoamua, mbona tofauti hiyo? Akahitimisha kuwa seli ya saratani ni mfano wa mbegu: huchukuliwa kila upande, lakini humea katika udongo unaoikubali tu. Wala hakujitwalia sifa zote, kwani alikiri kuwa Ernst Fuchs, daktari wa macho, alimtangulia katika wazo hilo.

Kwa bahati mbaya, wasomi wengi hawakulitilia maanani. Paget aliacha upasuaji, akajishughulisha na uandishi, na akafariki mwaka wa 1926 kabla ya kuiona mbegu yake mwenyewe ikimea. Ilibidi kungojea miongo mingi hadi watafiti kama Isaiah Fidler walipolithibitisha wazo lake kwa majaribio ya panya.

Leo twajua kuwa uvimbe hauishi peke yake. Huvuta mishipa ya damu iulishe. Baadhi ya seli za kinga huushambulia, lakini nyingine hurubuniwa zikaukinga na kuustawisha. Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka wa 2018 ilitolewa kwa James Allison na Tasuku Honjo, waliogundua jinsi ya kuzifungulia seli za kinga breki zinazozizuia kupambana na saratani.

Sisi tumezoea kusema kuwa tunapigana vita na saratani. Lugha hiyo hutuelekeza kwa adui pekee. Paget alizungumza kama mkulima, na ndiyo sababu aliutazama udongo wakati wenzake walipoitazama mbegu. Mwalimu anayefundisha sitiari, basi, na asidhani kuwa anafundisha mapambo. Anamfunza mwanafunzi mahali pa kutazama.