George Pimentel, Aliyekimbizana na Molekuli

Ukinyoosha mkono karibu na jiko la makaa jioni, hapa kwetu Jericho ama Kaloleni, utahisi joto kabla hujagusa kitu. Joto hilo huja kwa miale isiyoonekana, iitwayo infraredi. Kuna jamaa aliyeifanya miale hiyo kuwa macho yake, naye ni George Pimentel.

Alizaliwa California, Marekani, mwaka wa 1922, akalelewa katika mtaa wa maskini jijini Los Angeles. Babake hakusoma sana. Kijana alijikaza hadi akapata shahada ya udaktari huko Berkeley mwaka wa 1949, akabaki hapo hapo kufundisha kemia.

Sasa sikiliza shida iliyomsumbua. Kemikali zikikutana, katikati ya mmenyuko huzaliwa vipande vya molekuli ambavyo hutoweka hata kabla hujapepesa jicho. Molekuli nyingi hufyonza kila moja miale yake maalum ya infraredi, kwa hivyo hutambulika kama mtu kwa alama za vidole. Lakini mashine za siku hizo zilichukua dakika nzima nzima kupima. Ukimaliza, mwenyewe kashaenda!

Mwaka wa 1954, yeye na wenzake walivigandisha vipande hivyo ndani ya gesi iliyogeuzwa barafu, visipate pa kukimbilia. Haikumtosha, alitaka kuviona vikiwa mbioni. Mwaka wa 1965, yeye na Kenneth Herr wakatoa habari za mashine ya kupima infraredi kwa kufumba na kufumbua. Taa kali iliwaka mara moja, ikavunja molekuli za gesi, nayo mashine ikanasa alama za vipande kabla havijapotea. Kimojawapo kilikuwa na atomu moja ya kaboni na mbili za florini.

Mwaka wa 1967 aliomba kuwa mwanaanga, akakataliwa kwa kasoro ndogo ya jicho. Basi ikaenda mashine yake. Mwaka wa 1969 chombo cha Mariner 7 kiliibeba hadi sayari ya Mars, na yeye na Herr wakatangaza mbele ya waandishi wa habari kwamba wameona dalili za methani na amonia karibu na ncha ya kusini. Watu wakaanza kuwaza habari za uhai! Kumbe ilikuwa barafu ya kaboni dioksidi tu. Walirudi wenyewe wakasahihisha, na kwangu mimi hapo ndipo Pimentel anaponipendeza zaidi, kuliko hata zile medali.

Saratani ilimchukua tarehe 18 Juni, 1989.